Kabla Hujaacha Dawa, Jionyeshe Kwanza

SOMO LA JUMA: Afya ya mama na amani ya nyumba
ANDIKO KUU: Luka 17:11–19
MAANDIKO MENGINE: Walawi 13:1–8, Isaya 38:1–6, 21, 1 Wafalme 19:1–8
ANDIKO LA KUKARIRI: Luka 17:14
LENGO: Mshirika ajue kwamba imani na dawa hazipigani, na kwamba dawa ya ugonjwa wa hisia haiachwi wala kubadilishwa kimya kimya.

UTANGULIZI

Somo la juma hili linagusa jambo ambalo hapa Kisii na Nyamira hatulitaji kwa sauti. Wako dada zetu ambao kila mwezi, juma moja au mawili kabla ya hedhi, moyo wao unaingia giza. Hasira inawaka kwa kitu kidogo, machozi yanatoka bila sababu, usingizi unapotea, na wengine wanatamani hata kufa. Halafu hedhi ikianza, baada ya siku mbili tatu, giza linaondoka. Anarudi kuwa yule mama mnayemjua, mpole, anayeimba kwaya. Mwezi unaofuata, mambo yanarudi vile vile.

Hapa hatuzungumzii kule kuchoka kidogo na kuumwa tumbo ambako wanawake wengi wanapitia. Hali hii inavunja ndoa, inamfanya mtu ashindwe kwenda kuchuma chai au kufungua kibanda chake sokoni, na watoto wanajificha nyumba ya nyanya yao.

Kwa sababu ya chinsoni, ile heshima yetu ya kuoneana haya, msichana hawezi kumwambia baba yake habari za hedhi, na mke hawezi kumwambia mama mkwe. Labda atamnong'oneza magokoro. Heshima hiyo ni nzuri, lakini isitumike kumficha mgonjwa. Ndiyo maana kanisa linasema leo.

1. UGONJWA HUU UNA JINA, NA SI PEPO

Madaktari wanauita PMDD, yaani ugonjwa wa hisia unaokuja kabla ya hedhi. Shirika la Afya Duniani limeuandika katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Madaktari wa akili wa Marekani waliuweka katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 2013. Katika akina mama 100 walio katika umri wa kupata hedhi, wenye ugonjwa huu ni kati ya wawili na sita hivi. Hesabu basi akina mama walioketi kanisani Jumapili, utaona kwamba jambo hili si la mbali.

Chanzo chake ni nini? Baada ya yai kutoka, homoni za mwanamke hupanda kisha hushuka kabla ya hedhi. Hiyo ni kawaida ya kila mwanamke, ndivyo Mungu alivyouumba mwili. Ila kwa wengine ubongo unayasikia mabadiliko hayo kwa ukali kuliko kwa wenzao. Homoni zenyewe zinaweza kupimwa zikaonekana sawa kabisa. Kwa hivyo mama huyu hana tabia mbaya, hajarogwa, na hajakosa kuomba.

Tunasema hivi tukijua tunaishi wapi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Tukizoea kusema kila jambo la kichwa tusilolielewa ni kazi ya omorogi, tunawasha moto ambao hatutaweza kuuzima. Mtu wa Mungu achunge ulimi wake.

2. KUHANI ALITAZAMA SIKU SABA, AKATAZAMA TENA

Turudi kwenye andiko letu. Wakoma kumi walimlilia Yesu. Yeye hakuwagusa wala hakuwawekea mikono. Aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, na walipokuwa njiani wakatakasika. Kwa nini makuhani? Kwa sababu katika Israeli kuhani ndiye aliyepewa kazi ya kukagua ugonjwa huo. Soma Walawi 13 uone. Palipokuwa na shaka, kuhani hakukata neno siku ile ile. Alimtenga mtu siku saba, akamtazama. Shaka ikibaki, akamwongezea siku saba nyingine, akamtazama tena. Neno la mwisho lilitoka baada ya kutazama mara nyingi.

PMDD inahitaji utazamaji kama huo, manake ni ugonjwa unaokuja na kwenda wenyewe. Hapa ndipo wengi wanateleza. Fikiria dada anakuja mbele kuombewa siku ambayo hedhi yake inaanza. Kesho yake anaamka mwepesi, anafurahi, anatoa ushuhuda, anatupa dawa zake. Siku ishirini zinapita, giza linarudi. Sasa wengine wanasema, "Imani yake imepungua." Wengine wanasema pepo amerudi na wenzake saba. Dada wa watu anabeba ugonjwa, na juu yake anabeba aibu. Na kumbe hatukutazama kalenda.

Basi chukua kalenda, hata ile ya ukutani uliyopewa na duka la mbolea. Kila jioni andika alama mbili. Ya kwanza ni ya moyo: weka namba kuanzia 1, yaani siku njema, hadi 6, yaani siku mbaya sana. Ya pili ni ya mwili: kichefuchefu, kichwa, usingizi, kizunguzungu. Zungushia duara siku za hedhi. Fanya hivyo miezi miwili mfululizo, kisha peleka kwa daktari. Madaktari wenyewe wanataka kumbukumbu ya mizunguko miwili kabla ya kuthibitisha ugonjwa huu, kwa sababu hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Ikionekana giza lipo mwezi mzima bila kupumzika, basi huenda ni ugonjwa mwingine, kama sonona, nao una matibabu yake.

Usiogope kwamba lazima utapelekwa Mathari kule Nairobi. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kisii Teaching and Referral Hospital ina huduma za afya ya akili, na ukiwa upande wa Nyamira unaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya kaunti. Kama umejisajili na SHA, uliza pale pale ni huduma gani inayolipiwa.

3. DAWA NA MAUDHI YAKE

Dawa zinazotumika sana ni zile za kundi linaloitwa SSRI. Fluoksetini ni mojawapo, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nyingine ni setralini na paroksetini. Hizi ndizo dawa zinazotumika pia kwa sonona, lakini katika PMDD zina jambo la pekee: zinaweza kuanza kusaidia ndani ya siku chache, wakati katika sonona mtu husubiri majuma kadhaa. Kwa sababu hiyo daktari anaweza kukuandikia kwa namna mbili. Wengine humeza kila siku. Wengine humeza siku 14 hivi kabla ya hedhi na kuacha hedhi inapoanza. Njia ipi inakufaa ni daktari atasema, na usiige ya jirani.

Wengine huandikiwa vidonge vya kupanga uzazi ili kutuliza homoni. Hapo pia kuna tofauti. Kuna aina zinazosaidia, na kuna wanawake ambao moyo wao unazidi kuwa mzito wakitumia njia fulani, kwa mfano sindano ya miezi mitatu. Ukiona hivyo usikae kimya. Mwambie nesi wa kliniki, njia ziko nyingi.

Haya, tuje kwenye maudhi. Dawa hizi mwanzoni zinaweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, tumbo kuendesha, mdomo kukauka, kutoka jasho, mikono kutetemeka, kukosa usingizi au kusinzia. Mengi ya hayo hupungua katika juma la kwanza na la pili. Ukijua mapema hutashtuka. Mambo yanayosaidia ni haya:

• Kichefuchefu kikikusumbua, meza dawa baada ya kula, hata kama ni uji na ndizi.
• Dawa ikikunyima usingizi, uliza kama unaweza kuimeza asubuhi. Ikikusinzisha, uliza kuhusu jioni.
• Ukisahau, usimeze mbili kwa pamoja kesho yake ili kufidia.
• Ukifunga kwa maombi, dawa haifungi. Meza kwa maji, au panga na daktari saa ya kumeza iangukie wakati wa kufungua. Tangu yale ya Shakahola mwaka 2023, hakuna mchungaji mwenye akili timamu atakayekwambia ufunge mpaka mwili uharibike.
• Pombe na miraa kaa mbali nazo.

Kuna udhia mwingine ambao watu wanaona haya kuutaja: hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua. Baba, usikimbilie kusema mke ana mwingine. Mama, usikimbilie kutupa dawa ili kuokoa ndoa. Semeni na daktari. Anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kukuweka kwenye utaratibu wa siku 14.

Na dawa nyingine je? Kila unapotibiwa, iwe ni malaria au jino, sema unatumia nini. Tramadoli ya maumivu haifai kuchanganywa na dawa hizi bila daktari kujua. Brufen na diklofenaki zikitumiwa pamoja nazo zinaongeza uwezekano wa kutokwa damu. Miti shamba pia itaje, hata kama umepewa na mtu wa nyumbani. Beba pakiti ya dawa kwenye mkoba, usitegemee kukumbuka jina.

4. KUBADILISHA NA KUACHA

Hiki ndicho kiini cha somo. Watu wanaacha dawa kwa sababu kuu tatu.

Sababu ya kwanza: "Imenichafua, nimeacha." Lakini tazama kalenda kwanza. Je, hiyo hasira na huo usingizi mbaya umekuja baada ya kuanza dawa, au umekuja katika lile juma lako la kila mwezi? Ukitazama siku moja tu utalaumu dawa kwa kosa la ugonjwa, au utalaumu ugonjwa kwa kosa la dawa. Ndiyo maana tulisema uandike alama mbili.

Sababu ya pili: "Haifanyi kazi." Ugonjwa unaokuja mara moja kwa mwezi haupimwi kwa juma moja. Kipimo kipya cha dawa kipe mizunguko miwili au mitatu, isipokuwa kuna hatari, ndipo wewe na daktari mhukumu. Ikiwa haisaidii, kuna kuongeza kipimo, kuna kubadilisha utaratibu, kuna dawa nyingine. Mtu kushindwa na dawa ya kwanza si mwisho wa njia. Lakini usinunue nyingine kemisti ukaanza kumeza zote mbili. Kutoka dawa moja kwenda nyingine kuna hesabu yake, maana dawa hizi hazitoki mwilini kwa mwendo mmoja. Fluoksetini inakaa mwilini majuma kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Paroksetini inatoka haraka, na anayeiacha ghafla anaweza kuteseka zaidi.

Sababu ya tatu, na hii inatuhusu sisi walokole: "Nimepona." Mungu anaponya, na hatuombi radhi kwa kuamini hivyo. Lakini angalia Yesu alivyofanya. Wale kumi walikuwa wanapokea muujiza wa kweli kutoka kwa Mwana wa Mungu, na bado aliwatuma wakakaguliwe. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Ukisikia moyoni umepona, mshukuru Mungu, endelea kumeza, nenda ukajionyeshe. Mwambie daktari, "Naamini nimepona, naomba tuangalie." Atapanga nawe namna ya kupunguza taratibu, na kalenda itaandikwa miezi inayofuata. Giza lisiporudi, ushuhuda wako utasimama hata mbele ya asiyeamini. Likirudi, na kwa wengi hurudi wakiacha dawa, hujatenda dhambi, unarudi kwenye matibabu.

Anayemeza kila siku akiacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, wasiwasi, na mishtuko kichwani kama ya umeme. Mishtuko hiyo inatisha, na hapo wengine husema ni mashambulizi ya adui. Ni mwili unaolalamika kwa sababu umeondolewa dawa kwa nguvu. Wale wa siku 14 kwa kawaida hawapati shida hiyo wanapoacha hedhi ikianza, kwa hiyo wafuate utaratibu wao bila hofu.

Ukishika mimba au ukitaka kushika mimba, sema mapema. Usiache mwenyewe kwa woga, wala usiendelee bila kusema.

Tena usisahau Hezekia. Mungu alikwisha kumwahidi miaka kumi na mitano zaidi ya kuishi. Na bado Isaya akaagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu. Ahadi na tini vilikaa katika nyumba moja. Aliyetoa ahadi ndiye aliyeumba mtini.

5. DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALI

Hizi hazingoji kliniki ijayo:

• Mawazo ya kujiua au ya kuumiza mtoto. Katika majuma ya kwanza ya dawa, na kila kipimo kinapobadilishwa, walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu zaidi.
• Kutolala siku kadhaa huku umejaa nguvu, unanena haraka na kutumia pesa ovyo. Watu wengine wana ugonjwa ambao dawa hizi zikitolewa peke yake huuwasha. Kama katika ukoo wenu yupo mwenye historia hiyo, sema kabla ya kuanza.
• Homa kali pamoja na kutetemeka, misuli kukaza na kuchanganyikiwa.
• Uso kuvimba, ngozi kututumka, shida ya kupumua, kifafa, au damu kutoka isivyo kawaida.

Kwa habari ya mawazo ya kufa, wengi walinyamaza wakiogopa polisi, maana sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinapingana na Katiba. Kwa hivyo sema. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo.

Eliya naye aliomba kufa chini ya mretemu. Mungu hakumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye.

6. KAZI YETU KAMA KANISA

Kwa wanaoombea watu: ombeni kwa moyo wote, lakini pasiwe na mtu wa kumwambia mgonjwa aache dawa. Asiyeiandika dawa asiifute.

Kwa waume: jifunze kalenda ya mkeo. Mazungumzo mazito ya shamba, karo na jamaa yapangieni juma jepesi. Katika juma zito pika, osha watoto, punguza maneno. Umsindikize kliniki mara moja, uone utakavyoelewa. Ila ugonjwa si ruhusa ya mtu yeyote kumpiga mwenzake, mume wala mke. Pakifika hapo, tafuteni msaada mapema.

Kwa akina mama wa rika la juu: ninyi ndio magokoro wa kanisa. Chinsoni inawaachia ninyi mlango ambao sisi wengine tumefungiwa. Waiteni mabinti, waulizeni.

Kwa wewe unayeumwa: siku unapokuwa mzima, andika barua fupi ya siku utakapokuwa gizani. Andika kwamba giza hili lina mwisho, taja tarehe, na taja mtu mmoja wa kumpigia simu. Mpe mtu huyo nakala.

HITIMISHO

Wale kumi walitii, wakaenda kujionyesha. Mmoja wao akarudi kushukuru. Tuyafanye yote mawili: twende tukakaguliwe, na turudi tukashukuru, awe Mungu ametuponya kwa neno au anatushika mkono kwa kidonge cha kila siku.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini Yesu aliwatuma wakoma kwa makuhani wakati alikuwa na uwezo wa kutangaza mwenyewe kwamba wamepona?
2. Tunaposikia ushuhuda wa uponyaji wa ugonjwa unaokuja na kwenda, tufanye nini ili tumlinde aliyeshuhudia?
3. Ni maneno gani tunayowaambia akina mama wenye hasira za kabla ya hedhi ambayo tunapaswa kuyaacha?
4. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mshirika asiye na nauli ya kliniki au pesa ya dawa?

TUOMBE

Baba, unawajua binti zako na siku zao zote, nyepesi na nzito. Wape ujasiri wa kusema, uwape madaktari hekima, na waume uvumilivu. Utuondolee ulimi wa kuhukumu. Anayetaka kuacha dawa leo kwa sababu ya kuchoka, mtie nguvu afike kwanza kwa daktari wake. Katika jina la Yesu. Amina.